Mtoto wa PP1 anachoka: mwaka wa kwanza wa skuli Mombasa

Mtoto wa miaka minne anayeanza PP1, yaani darasa la kwanza la awali, Januari atachoka kuliko alivyowahi kuchoka tangu azaliwe. Ukilishika hilo mapema, mengi yatakayotokea mwaka huo hayatakushtua. Atalia akitoka skuli kwa sababu soksi imejikunja. Atampiga mdogo wake. Atakojoa kitandani baada ya miezi mingi ya kuamka mkavu, na wali aliokuwa akiupenda ataukataa. Wazazi wengi huyasoma haya kama utundu, au kama dalili kwamba skuli ile haifai. Mara nyingi ni mwili mdogo tu uliokaa kwenye kelele za watoto wenzake tangu asubuhi, ukijizuia, ukisikiliza lugha ya watu wazima, ukingoja zamu. Akifika kwa mamake ndipo anapojiachia, kwa sababu hapo ana amani.

Nianze na hesabu ya usingizi, maana ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtoto wa umri huu anahitaji masaa 10 hadi 13 ya usingizi kwa siku, ukijumlisha na lala ya mchana. Chukua mtoto anayekaa Mishomoroni, upande wa bara, na kusoma kisiwani. Tuktuk inampitia saa kumi na mbili na robo, kwa hivyo anaamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ili apate masaa 11 kwa mkupuo mmoja ingebidi alazwe saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati Magharibi ndiyo kwanza inaadhiniwa. Nyumba gani itaweza hilo? Basi gawanya: saa moja na nusu ya kulala mchana, na kitandani saa mbili usiku. Hapo hesabu inatimia. Ukimwondolea lala ya mchana na umwache aangalie runinga hadi saa nne usiku, anabaki na masaa saba na nusu, na deni hilo mwalimu ataliona darasani kabla yako.

Lala ya mchana iwe mapema, baada tu ya kula na kuoga, na isivuke saa kumi alasiri. Akilala saa kumi na moja jioni ataamka saa moja na usiku wote umeharibika. Kama skuli inamwachilia saa tisa, mpe nusu saa tu akifika, kisha usogeze usingizi wa usiku uwe saa moja na nusu.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya malezi vilivyoandikwa kwingine havilijui: chuo, yaani madrasa. Watoto wengi wa Mombasa huandikishwa skuli na chuo Januari hiyo hiyo, na wiki moja mtoto anapata mwalimu wa asubuhi, maalim wa jioni, sare mbili, kanuni mbili na alfabeti mbili. Usivianzishe pamoja. Mwanzishe kimoja, mpe muhula mzima atulie, ndipo uongeze cha pili. Kama familia imeshikilia chuo kianze mapema, anza na Jumamosi na Jumapili asubuhi, uache siku za wiki hadi Mei. Kaa na maalim umweleze saa anazoamka mtoto. Maalim aliyezoea watoto wadogo atakuelewa, na atakwambia mwenyewe kwamba mtoto anayesinzia juu ya juzuu hashiki kitu.

Hizo alfabeti mbili pia zina jambo lake. Kwa alif, be, te anafundishwa kuanza kulia kwenda kushoto, na skuli anafundishwa kushoto kwenda kulia. Usishangae akiandika jina lake kinyumenyume au akigeuza herufi b na d. Kugeuza herufi ni kawaida kwa watoto wa umri huu hata wasiosoma chuo, na wengi huendelea nako hadi miaka saba. Mchoree nyota ndogo ukingoni mwa karatasi upande wa kuanzia, basi. Usimfutie kazi yake.

Na Ramadhani miaka hii inaangukia ndani ya muhula wa kwanza, wakati mtoto ndiyo kwanza anazoea. Nyumba inakesha, futari inachelewesha chakula, tarawehe inajaza sebule watu. Mtoto wa PP1 alishwe na alazwe saa zake kama kawaida, katika chumba kilicho mbali na kelele kuliko vyote. Akitaka kuamka daku na wakubwa, aamke Ijumaa usiku, maana kesho yake hakuna skuli.

Tukirudi nyuma, kuna kazi ya Novemba na Disemba kabla ya kuanza. Makaratasi kwanza: cheti cha kuzaliwa na nakala zake, kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na picha za pasipoti. Kagua herufi kwa herufi jina lililo kwenye cheti. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu mbele ya kompyuta, na cheti ndicho kinachotumika kumwandikisha mwanafunzi kwenye mfumo wa wizara. Jina likiandikwa vingine kwenye fomu ya PP1, tofauti hiyo itamfuata hadi mitihani ya kitaifa. Kama mtoto hana cheti kabisa na amevuka miezi sita tangu azaliwe, usajili wake unahesabiwa kuwa wa kuchelewa na unataka stakabadhi zaidi, kwa hivyo usingoje wiki ya kufungua skuli. Kwenye kitabu cha kliniki tafuta chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu baada ya ile ya miezi tisa wazazi hudhani wamemaliza.

Uliza pia malipo yote yaandikwe kwenye karatasi moja. Shule za msingi za umma hazina karo tangu 2003, lakini madarasa ya awali yako chini ya serikali ya kaunti, na kila skuli ina orodha yake: chakula, karatasi, tishu, maji ya kunywa, usafiri. Zile za binafsi huongeza vitabu, picha na safari. Pesa zinazovunja bajeti ni hizi ndogondogo ambazo hakuna aliyezitaja siku ya kwanza.

Kisha mikono ya mtoto. Mwalimu wa PP1 ana watoto wengi na mikono miwili, na mtoto anayeweza haya manne peke yake ataishi kwa raha. La kwanza ni kujisaidia: kuvua na kuvaa kaptura au chupi, kuchutama kwenye choo cha shimo kama nyumbani amezoea cha kukaa, kuchamba kwa kopo bila kulowa miguu, na kunawa kwa sabuni. Fanyeni zoezi hili kila siku kwa wiki tatu. Mtoto asiyejua kuchamba hujizuia hadi arudi nyumbani, halafu anapata uyabisi wa tumbo, na uyabisi unaleta kuchafua nguo, na kuchafua nguo kunaleta aibu na kukataa skuli. Wazazi hutafuta sababu kwa mwalimu, kumbe ni choo. Kagua choo chenyewe siku ya kwenda kuandikisha: kina maji? kopo lipo? mlango unafungika na kufunguka kwa mkono mdogo?

La pili ni kufungua chakula chake. Nunua kontena mapema na umpe awe akila ndani yake nyumbani. Kontena linalorudi limejaa mara nyingi ni kontena lililomshinda kifuniko, na mtoto aliona haya kuomba. La tatu ni viatu: nunua vya kubandika, kamba ziache hadi Gredi ya Kwanza. La nne ni kusema jina lake kamili, la mzazi wake na mtaa anaokaa.

Sare nunua kubwa kwa saizi moja tu. Kubwa kwa saizi mbili inamwangusha ngazini. Kiunoni iwe lastiki, mkanda na zipu ni adui wa mtoto mwenye haraka ya choo. Jozi mbili ni lazima, na masika yakianza utatamani ya tatu, kwa sababu kuanzia Aprili hadi Juni nguo haikauki kamba za ndani na shati bichi linaleta muwasho. Jina lishone kwa uzi kwenye ukosi, wino wa kalamu unaondoka kwa mafuo matatu. Mabegi yote ya darasa yatafanana, na mtoto hajui kusoma jina lake bado: funga kwenye mkono wa begi kipande cha leso anayoijua.

Siku ya kwanza. Muage kwa maneno mafupi, yale yale kila siku: "Nakwenda kazini, nitakuja baada ya chakula." Mpe wakati anaouelewa, yaani baada ya chakula au baada ya mchezo, saa saba haina maana kwake. Umkabidhi mkononi mwa mwalimu, uondoke bila kurudi dirishani. Kosa kubwa ni kutoroka akiwa ameangalia kando. Linaepusha kilio cha leo na kununua vya wiki tatu, maana sasa anajua kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote, na hatakuachia vazi tena. Watoto wengi hunyamaza dakika chache baada ya mzazi kuondoka. Muombe mwalimu akutumie ujumbe mmoja saa nne, na yeye atautuma siku za mwanzo akiweza.

Kilio huwa na awamu. Wapo wanaolia siku ya kwanza. Wapo wanaoingia wakicheka wiki nzima, kisha Jumatatu ya pili wanashika mlango: wametambua kwamba jambo hili ni la kila siku. Kitarudi tena baada ya kuugua, baada ya likizo ya katikati ya muhula, na mwanzo wa muhula wa pili. Kikiisha ndani ya siku tatu au nne, ni kawaida. Ukiona hakijapungua hata kidogo baada ya wiki nne hadi sita, au kimeanza ghafla mwezi wa saba kwa mtoto aliyekuwa akipenda skuli, hapo pana jambo. Chunguza choo, tuktuk, mtoto mwenzake, na mtu mzima yeyote anayekaa naye. Muulize juu ya vitu: "Leo ulikaa karibu na nani? Nani alikupeleka choo?" Swali la "ulikuwa na siku nzuri?" litakupa "ndiyo" tu.

Tuktuk inahitaji macho yako. Hesabu watoto mnapokubaliana, na usikubali mtoto kukaa mbele na dereva. Uliza nani huketi nyuma nao, nani huwavusha barabara, na atamkabidhi nani mlangoni. Andikia skuli orodha ya watu wawili au watatu wanaoruhusiwa kumchukua, na siku mjomba akienda badala yako, piga simu kwanza. Kwa wanaovuka Likoni kwa miguu, mshike kifundo cha mkono badala ya vidole wakati wa kuingia na kutoka kivukoni. Umati ukisukuma, vidole vyenye jasho vinaponyoka.

Chakula kiwe kidogo na kiwe kikavu. Januari hadi Machi joto la kaskazi linachachisha chochote cha nazi kabla ya saa nne, kwa hivyo mbaazi na wali wa nazi viache vya nyumbani. Mahamri mawili madogo, nusu chapati iliyokunjwa, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, yai lililochemshwa likaiva kabisa: hivi vinavumilia. Usimjazie. Mtoto anayeona chakula kingi huogopa kukianza. Chupa ya maji ya nusu lita, na ajazwe tena mchana. Akirudi nayo imejaa na mkojo wake umekoza rangi, hakunywa, na kichwa kinachomuuma jioni kimetoka hapo. Mabuyu na achari za langoni ziwe za Ijumaa, ukiwa pamoja naye: kokwa za mabuyu zinakaba, na pilipili kwenye tumbo tupu inamharibia chakula cha mchana.

Magonjwa yatakuja. Mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka si ajabu kwa mtoto aliyeingia darasani mara ya kwanza, na muhula wa kwanza utadhani haponi. Mwaka wa pili hupungua. Tetekuwanga: akae nyumbani hadi malengelenge yote yakauke na kufanya gamba. Macho mekundu: taulo yake peke yake, na nyumbani hadi usaha uishe. Mashilingi ya kichwani, yaani mapunye, hayaponi kwa krimu ya kupaka, kwa sababu ugonjwa umeingia kwenye shina la nywele. Yanataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kutoka kwa daktari, na kofia au mtandio usiazimwe. Homa ipimwe malaria, pwani hii haina kubahatisha. Na tafadhali usimpe dawa ya kushusha homa asubuhi kisha ukampeleka skuli. Saa tano dawa itaisha nguvu, na wenzake watano watakuwa wameshapata.

Jambo moja la masikio. Baada ya mafua ya mfululizo maji hubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa, na mtoto husikia kama aliye chini ya maji. Mwalimu anasema "hatii". Mama anasema "siku hizi ana kiburi". Simama nyuma yake hatua tatu, umwite kwa sauti ya kawaida akiwa hacheki wala hachezi. Asipogeuka mara mbili tatu, mpeleke akapimwe.

Darasani atafanya nini? PP1 ina shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini, kwa vipindi vya dakika 30. Hakuna mtihani wa kumaliza. Kazi zake zinawekwa kwenye faili, na mwalimu anaandika kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. "Anakaribia" mwezi wa nne ni habari njema kabisa, maana mwaka bado unaendelea. Mtihani wa kitaifa wa kwanza uko Gredi ya Sita, miaka saba mbele. Ndiyo maana nakushikilia usimtafutie twisheni. Mtoto wa miaka minne aliyetoka skuli akapelekwa twisheni jioni anapoteza kile kile usingizi na mchezo vinavyomjengea: uwezo wa kukaa, kukumbuka na kushika kalamu.

Kalamu inashikwa kwa nguvu ya vidole, na vidole vinapata nguvu kwa kazi za nyumbani. Akande unga wa chapati na nyanya yake. Amenye mbaazi mbichi, achague mchele kwenye ungo, akamue kitambaa chenye maji, abanie nguo kwenye kamba kwa vibanio. Robo saa kwa siku inatosha. Hesabu iwe ya vitu: sahani tano za watu watano, kikombe kimoja kimepungua.

Lugha itamtatiza kidogo. Sera inataka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo, na kwa Mombasa hiyo ni Kiswahili, lakini skuli nyingi za binafsi zinaanza na Kiingereza siku ya kwanza. Mtoto anaweza kunyamaza darasani mwezi mzima akisikiliza tu, huku nyumbani anaongea kama kawaida. Mpe huo mwezi. Mfundishe mapema sentensi tatu za Kiingereza: kuomba choo, kuomba maji, kusema anaumwa. Na hata Kiswahili cha darasani si cha nyumbani kwa mtoto wa Mji wa Kale au Kibokoni. Yeye husema mato, mwalimu anasema macho. Ndoo kwake ni kuitwa aje, na kwa mwalimu ni chombo cha maji. Hajakosea. Mwambie kuna namna ya nyumbani na namna ya skuli, na kwamba zote ni zake. Mtoto anayechekwa kwa Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, atafunga mdomo kwa lugha zote mbili.

Mwalimu muone wiki ya tatu, hata kama hakuna shida, dakika tano baada ya skuli. Muulize mambo matatu: anacheza na nani, anakula, anakwenda choo. Mweleze ya nyumbani pia, kama mtoto mchanga amezaliwa, baba amesafiri au mmehama, kwa sababu haya yanaonekana darasani siku hiyo hiyo. Kiboko hakiruhusiwi, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na Sheria ya Watoto ya 2022, na hilo unaweza kulisema kwa upole na bila kuomba radhi. Kama hadi muhula wa tatu mtoto haunganishi maneno manne, haeleweki na watu wa nje ya nyumba, au hawezi kufuata agizo la hatua mbili, nenda na mwalimu ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, muelekezwe kwenye kituo cha tathmini ya watoto. Kungoja Gredi ya Pili kunampotezea miaka.

Disemba, omba faili lake. Keti naye chini, mfungue ukurasa wa kwanza wa Januari na wa mwisho wa Oktoba, na umwache aeleze mwenyewe. Saa zake za kulala zitakuwa zimeshasogea hadi saa tano usiku kwa sababu ya likizo na harusi. Siku kumi na mbili kabla ya kufungua, mlaze dakika 15 mapema kila usiku na umwamshe dakika 15 mapema kila asubuhi, ili PP2 imkute akilala saa mbili.